Kigoda cha Mkunga

3 Machi

Nimekabidhiwa makumbusho leo, na aliyetakiwa kunikabidhi hakutokea. Mkuu aliyenitangulia aliondoka bila kuaga, na wanavyosema watu, hakuondoka mikono mitupu. Mashine ya chapa ya zamani haipo. Saa kubwa ya ukutani haipo. Sinia la shaba halipo. Nilipouliza, mhifadhi wa vitu akanijibu, "Nilikuta havipo, Mkuu." Yuko hapa zaidi ya miaka ishirini. Alikutaje havipo?

Huyo mhifadhi ndiye mtu wa kwanza wa kutazamwa. Mlinzi anamwita Glavu, kwa sababu hashiki kitu bila glavu zake nyeupe za pamba, na hata akienda kunywa chai anazivua taratibu, kidole kwa kidole. Mwembamba, mpole, ana vyeti kunizidi, na anajua kunyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi watu wapole namna hiyo wananitia wasiwasi.

Makao makuu wameniambia bila kuzunguka: mvua zikiisha niwe nimefungua chumba kipya cha vitu vilivyoletwa na wenyeji wenyewe kutoka majumbani mwao. Nikishindwa, vyote tulivyonavyo vitatiwa kwenye makasha vipelekwe kwao, jengo wapewe watu wa kodi, na sisi tutawanywe. Nina miaka hamsini na mbili. Kwa umri wangu, kutawanywa maana yake ni kurudi nyumbani.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya meza yangu. Juu ya meza ya Glavu, pakavu kabisa.

9 Machi

Tumezunguka mtaa wa nyuma, mimi na Glavu, kuomba watu vitu. Kila mlango jibu lilikuwa lile lile kwa sauti tofauti. Kinyozi aliye ng'ambo ya lango letu alisema, "Ile mashine ya chapa mliyoipoteza ilikuwa ya marehemu baba yangu. Sasa mmekuja kuchukua na mkasi?" Tarishi mstaafu hakutufungulia kabisa, alituongelesha kupitia dirishani kama watu wa kuuza sabuni.

Tukaishia kwa fundi cherehani, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ni mwanamke mnene wa makamo, miwani imeshikizwa kwa uzi. Marehemu mama yake alikuwa mkunga wa mtaa mzima, na kigoda alichokuwa akiwakalishia wazazi bado kipo, miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa.

"Karibuni," alisema bila kusimamisha cherehani. "Watu wa ofisi mkija na soda najua mna shida."

Nikaeleza. Nikasema tunataka historia yao ionekane.

"Inaonekana. Tunaishi ndani yake."

"Kigoda hicho tutakitunza kitaalamu, Fundi."

"Kitaalamu," alirudia, akakata uzi kwa meno.

Njiani nilimwuliza Glavu kwa nini hakunisaidia hata kwa neno moja. Akasema maneno yangu yalikuwa yametosha. Sijui kama ni sifa au tusi.

14 Machi

Sikuamini macho yangu. Fundi amekileta kigoda, amekibeba kichwani juu ya kata ya kanga, na nyuma yake mtaa mzima. Kila mtu anataka kukigusa. "Mimi nilizaliwa hapa," kinyozi anasema. "Na mimi." "Mimi nilitanguliza miguu, karibu nimuue mama." Kicheko. Muda si mrefu tarishi kaleta mkoba wake wa barua, mwingine kaleta pasi ya mkaa, mwingine redio yenye ufa, mwingine sanduku alilotoka nalo kwao alipoolewa. Kumbe wote walikuwa wakimsubiri Fundi.

Ningefurahi zaidi kama ningejua kilichomgeuza. Mtu aliyekataa Jumatatu hakubali Jumamosi bure. Anataka nini?

16 Machi

Glavu amekuta unga wa mbao chini ya kigoda. Wadudu. Katika kazi yetu dawa ya wadudu wa mbao ni baridi: kitu kinafungwa kwenye nailoni, kinalazwa kwenye friza karibu wiki mbili, mpaka yai la mwisho life. Baridi ikikatika katikati, mayai yanapona na kazi inaanza upya. Nikaamuru kigoda kiingie friza leo leo. Nikaamuru na jambo la pili: hakuna kitu kinachotoka jengo hili bila ruhusa yangu. Glavu alinitazama, akasema, "Sawa, Mkuu," kwa ile sauti yake ya hospitali.

Fundi hatukumwambia. Ni jambo la kitaalamu, angeelewa nini?

19 Machi

Mvua. Nimevipima vitu vyote kwa futi, urefu na upana, kwa ajili ya makabati ya vioo. Glavu alisimama mlangoni muda wote, hakutoa mkono kunishikia hata ncha ya futi. Nilipoinua kichwa hakuwepo.

22 Machi

Mvua. Nimemkuta Glavu akinong'ona na mlinzi karibu na stoo. Nilipotokea wakaanza kuzungumza habari za paa.

23 Machi

Sukari imepungua tena nyumbani. Mama anasema ni sisimizi. Daktari alimkataza sukari na mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo nimeliwekea kabati kufuli. "Mwanangu," kaniambia, "umeleta ofisi mpaka jikoni."

28 Machi

Radi imepiga transfoma ya mtaa. Umeme hakuna, na wenyewe wanasema haurudi kesho wala keshokutwa. Nimefanya kazi karibu na dirisha mpaka macho yakauma.

29 Machi

Machale yamenicheza. Asubuhi, mvua ikimwagika, nimemwona Glavu akitoka mlango wa nyuma amekumbatia furushi la nailoni kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Hakuwa amejifunika mwavuli. Mwavuli alikuwa amelifunikia furushi. Nilipofika mlangoni alikwisha kunja kona.

"Amebeba nini yule?" nilimwuliza mlinzi.

"Nani, Bosi?"

"Aliyepita hapa sasa hivi."

"Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Mlinzi huyu huvaa buti za mpira. Nimemaliza.

30 Machi

Nimefungua friza. Tupu. Kigoda hakipo. Glavu hayuko kazini, ametuma salamu ana homa, na simu yake imezimwa. Kwa hiyo hivi ndivyo mashine ya chapa ilivyoondoka, na saa, na sinia. Mkuu aliyenitangulia alibebeshwa lawama, na mwizi akabaki na glavu zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sijamwambia mtu. Fundi akijua, kila mtu atachukua chake, na hapo tumekwisha.

1 Aprili

Nataka kuandika yalivyokuwa, kabla sijaanza kujipendelea.

Glavu alirudi asubuhi, amepona vizuri sana. Nilimsubiri ukumbini, mbele ya mlinzi na mama wa usafi. Nilitaka mashahidi.

"Kigoda kiko wapi?"

"Kipo mahali salama, Mkuu."

"Wapi?"

Akavua glavu moja. "Nikikwambia utakifuata."

"Nitakifuata ndiyo! Ni cha makumbusho."

"Si cha makumbusho," alisema. "Ni cha Fundi."

Hapo nikapandwa. Nilisema maneno ambayo sikupanga kuyasema, na la mwisho lilikuwa "mwizi." Nililisema kwa sauti ya kumfikia hata kinyozi ng'ambo ya barabara. Glavu akaanza kuivaa tena ile glavu. Midomo ilimchezacheza tu. Na nikiri, nilifurahi kuona amekosa la kusema.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Fundi. Alikuwa amelowa, amekipakata kigoda kikiwa bado ndani ya nailoni, na nyuma yake mwenye bucha na aproni yake ya damu, akiomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mama wa usafi.

"Nimekwenda kununua nyama," Fundi alianza, taratibu, ule utaratibu wa kutisha. "Nusu kilo. Mwenye bucha akafungua chumba chake cha baridi anitolee paja. Nikaona nini? Kigoda cha mama yangu. Kimelazwa chini ya mbavu za ng'ombe, kimefungwa nailoni kama maiti."

"Mimi nilihifadhi tu, mama," mwenye bucha alisema. "Huyu bwana aliniambia kina wadudu, na mimi nina jenereta. Nilikitandikia hadi gazeti."

Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Umeme ulikatika, baridi ikakatika, mayai yangepona, na Glavu akakipeleka penye jenereta. Kazi sahihi kabisa. Mimi mwenyewe ningeifanya. Lakini nilichosema ni hiki: "Fundi, mimi sikujua. Ni yeye."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mwenye nyumba hujui kilichotoka nyumbani mwako. Haya. Na kabla ya bucha, hapa mlikiweka wapi?"

Glavu akasema, "Kwenye friza."

"Friza ya nini?"

"Ya vitu."

"Mnajua mama yangu alikuwa akifanyaje?" Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Mzazi akifika, kabla hajakaa, mama alikipasha kigoda hiki kwa kitambaa cha moto, ili yule mwanamke asishtuke. Hata usiku wa mvua kama hii, hata kwa mtu asiyempenda. Maisha yake yote alikipasha. Nyinyi mmekigandisha. Na hamkuniuliza."

Akatoka. Mwenye bucha aliinama, akaokota nailoni iliyoanguka, akanipa mimi, sijui kwa nini.

2 Aprili

Wamekuja wote. Walipanga foleni kwenye mvua tangu lango halijafunguliwa. Kinyozi, tarishi, mwenye pasi, mwenye redio, mwenye sanduku. Nilimrudishia kila mtu chake kwa mkono wangu. Nilitegemea matusi, na hayakuja. Walisema "asante" na wakakagua kama kuna kilichopungua. Tarishi alifungua mkoba wake, akatia mkono ndani hadi kwenye kona.

Makabati ya vioo yamefika mchana huo huo. Yanapendeza sana, na hayana kitu.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Glavu ameleta barua ya kujiuzulu. Sikuipokea. Nilimwomba akae, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikamwomba radhi kwa lile neno.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza. "Ungesema tu, baridi imekatika, nakipeleka bucha."

"Ungekataa. Ulisema hakuna kinachotoka."

"Ungenieleza."

"Mkuu, ulikuja hapa ukaanza kupima vitu kwa futi. Kimoja kimoja. Nilijua unapima makasha."

"Makasha gani?"

"Ya kutuhamishia makao makuu. Mkuu aliyepita alianza hivyo hivyo. Alikuja na futi. Mashine ya chapa ikapimwa Ijumaa, Jumatatu haipo, na mimi nikaambiwa nisiulize. Safari hii nikasema bora kigoda kioze bucha kuliko nipoteze kitu tena." Alifuta macho kwa nyuma ya glavu. "Mlinzi naye alikuwa anakuangalia. Nilimwomba."

Kwa hiyo mwezi mzima mimi nikimchunguza yeye, yeye alikuwa akinichunguza mimi, na sote wawili tulijiona tunailinda nyumba. Nilicheka, na kicheko kilikaribia kugeuka kitu kingine. Nyani haoni kundule.

Bado nikajiuliza kama hadithi yake ni kweli. Sijui nitaacha lini.

6 Aprili

Jana usiku nilimweleza Mama yaliyotokea. Nilitaka anihurumie. Alimaliza chai yake isiyo na sukari, akasema, "Hata mimi nisingekupa kitu changu."

"Mama!"

"Ungekifungia. Wewe ukipenda kitu unakifungia. Baba yako alikuwa hivyo, tulikuwa tunaomba ruhusa kusikiliza redio."

Nililala nimekasirika. Asubuhi hii kabati sijalifunga, lakini nimeipima sukari kwa jicho.

8 Aprili

Makao makuu wamepiga simu. Wamepanga siku ya uzinduzi, tarehe 26. Mkubwa mwenyewe atakuja. "Vitu mnavyo?" wakauliza. Nikajibu, "Vinakuja." Uongo mwepesi namna hiyo sikujua ninao.

11 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi, peke yangu, bila soda. Kigoda kilikuwa pembeni ya cherehani, kimewekewa mto. Alinikaribisha kwenye kiti kingine.

Nilimwambia yote: makao makuu, watu wa kodi, kutawanywa. Nikamwambia kuhusu wadudu, maana unga wa mbao ulikuwa pale pale sakafuni, nikamwonyesha. Akauchota kwa kidole, akaunusa.

"Kwa hiyo kinaliwa kweli."

"Kinaliwa, Fundi. Mwaka mmoja, miwili, mguu utaachia."

"Sasa hilo lilikuwa neno gumu kusema, tangu siku ya kwanza?"

Nikaupangusa ule unga kwa kiganja.

Akashona upindo mzima kabla hajasema tena. Kisha akaniambia mama yake aliposhindwa kusimama, siku za mwisho, alimwuliza kigoda kitakwenda wapi, na yeye akamjibu kitakaa mahali pa heshima. Ndiyo maana alikileta. Ile siku nilipomshuku alikuwa akitimiza ahadi. "Nitakirudisha," alisema. "Na hao wengine watakuja. Kitalala hiyo baridi yenu, na mimi nitakuja kukiona kila siku. Lakini chumba kikifunguliwa, ufunguo nakaa nao mimi."

"Ufunguo wa kabati?"

"Wa chumba. Asubuhi nafungua, jioni nafunga. Mkitaka kuingia, mnaniita."

Taratibu za kazi yetu haziruhusu jambo hilo. Mtu asiye mtumishi hashiki ufunguo. Makao makuu wakijua, hawatasubiri mvua ziishe.

"Nipe siku moja," nikasema.

"Hata mbili. Kigoda hakina haraka, wadudu ndio wana haraka."

12 Aprili

Nimempa. Umeme umerudi na kigoda kiko ndani ya friza, safari hii Fundi amekifunga nailoni mwenyewe, Glavu akimwelekeza. Alikifunika kwanza kwa kitambaa alichokuwa amekipasha kwa pasi. Kitaalamu hakisaidii chochote. Hakuna aliyemkataza.

Nilipomkabidhi ufunguo nilisema, "Huu hapa ufunguo wa chumba." Sikusema ndio wa pekee. Kila mlango hapa una funguo mbili na wa pili unakaa kwa mhifadhi. Fundi hakuuliza, na mimi nikaona kuuliza ni kazi yake. Nimeliandika ili nilione lilivyo baya.

19 Aprili

Fundi anafika kila siku, anaweka kiganja juu ya friza, anaondoka. Tarishi amerudisha mkoba. Pasi imerudi. Mvua imekuwa manyunyu.

25 Aprili

Vyote vimepangwa. Kigoda kimetoka jana kwenye friza, kimekaa kutwa kwenye hewa, unga hakuna tena, kipo katikati ya chumba. Fundi amefunga mlango mwenyewe, akatikisa kitasa mara mbili, akaenda zake. Kesho ni kesho.

26 Aprili

Wageni walifika mapema. Mkubwa wa makao makuu alifika na viatu vya kung'aa na watu wawili wa kumshikia mwavuli. Watu wa mtaa walijaa ukumbini. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mlango ulikuwa umefungwa na Fundi hakuwepo.

Tulianza kwa hotuba. Hotuba ikaisha. Nikamwomba mlinzi aende kwa Fundi, akarudi: cherehani imefunikwa, nyumbani hakuna mtu. Mkubwa akatazama saa. "Tatizo ni nini?"

"Anayefungua hajafika."

"Anayefungua ni nani?"

Nikamwambia. Alisogea karibu ili wengine wasisikie. "Umempa fundi wa nguo ufunguo wa makumbusho?"

Nilikuwa naona picha yote: Fundi ameondoka mji, kisasi kimetimia, kigoda anacho tayari, huenda alikitoa jana nilipogeuka. Nilimwona kabisa akicheka ndani ya basi. Ndivyo akili yangu ilivyo.

Glavu akanijia ubavuni. Alifungua kiganja kidogo, kwa siri, na ndani ya glavu nyeupe ulikuwepo ufunguo wa pili.

"Nifungue?" alinong'ona. "Tutasema ulikuwa haujafungwa."

Ni sekunde moja tu ya kazi. Mkubwa angeingia, angepiga picha, angeondoka, na sisi tungebaki na mishahara yetu. Nilitazama watu wa mtaa. Hakuna aliyekuwa akilalamika. Wote walikuwa wakiitazama mikono yetu.

"Rudisha mfukoni," nikasema.

"Mkuu..."

"Tutasubiri." Kisha nikamgeukia Mkubwa na kumwambia kwa sauti ya kusikika kwamba chumba ni cha watu hawa, na mwenye ufunguo akifika tutaingia, na asipofika hatutaingia. Aliniambia nitaandikiwa. Nikamjibu aandike.

Tulisubiri. Kinyozi alimletea Mkubwa kiti, naye akakaa kwa hasira.

Fundi aliingia akitokea ng'ambo ya barabara, mkavu kabisa, kanga nzuri, miwani mipya. Alikuwa kwa kinyozi, nyuma ya pazia, tangu asubuhi. Alikuwa akitutazama kupitia dirishani.

Watu wakampisha. Akafika mbele yangu, akasimama.

"Mbona hamjafungua?"

"Ufunguo unao wewe."

"Na wa pili?"

Ningeweza kusema hakuna wa pili.

"Anao Glavu," nikasema. "Uko mfukoni mwake. Ningekuambia siku ile na sikukuambia."

"Nilijua. Ofisi gani ina ufunguo mmoja?" Akamgeukia Glavu, ambaye alikuwa amekwisha kuutoa na kumnyooshea. Fundi aliutazama ule ufunguo juu ya kile kitambaa cheupe, akavikunja vidole vya Glavu juu yake, kimoja kimoja.

"Kaa nao," alimwambia. "Mimi siku nyingine nitakuwa na nguo za watu."

Akafungua mlango, tukaingia.